Damu ya Dume Imetoka ya Jike

Mpendwa Shangazi, niokoe kabla sijaharibu, maana Jumatatu natakiwa kusaini na kichwa hakitulii. Mimi ni fundi wa maabara ya mifugo, kazi yangu ni kupaka rangi kromosomu za bata mpaka zitoe mistari, na kwa mistari hiyo tunajua huyu ni aina safi na yule ni chotara, sasa mchumba wangu anafuga bata na anataka cheti cha jozi yake, jike na dume, akawatoa damu mwenyewe nyumbani kwake, mimi akanikataza nisiende eti bata wanaogopa wageni, wakati hilo dume nimelishika mara ngapi na yale manyoya ya mkiani yaliyojikunja nimeyachezea. Akaleta vichupa viwili vimezungushiwa plasta. Mistari ikatoka ya aina safi kotekote, nikafurahi, kumbe kichupa cha dume kinaonyesha jike! Bata jike ana kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, za dume zinafanana, hapo hakuna kubahatisha. Nilipomwambia mchumba wangu akasema, "Huyo mwenzako wa maabara hataki tuoane, amekubadilishia." Na kweli Shangazi, huyo dada ananiangalia kwa jicho la pembeni, akimwona mchumba wangu anajichekesha, nilishamshtukia zamani, ndiyo maana plasta nilifungua mwenyewe, rangi nikapaka mwenyewe, vioo vyenye sampuli nikavifungia kabatini na ufunguo nalala nao, sijui alipitia wapi! Mchumba anataka nimshtaki kwa bosi afukuzwe, kisha nirekebishe jinsia nisaini, harusi yenyewe imekaribia. Nimshtaki?

Mpaka Rangi

Mpaka Rangi mwanangu, kaa chini. Pole, najua unampenda.

Plasta alifungua nani? Wewe. Rangi alipaka nani? Wewe. Ufunguo unalala na nani? Au huyo dada alipenya kwenye tundu la kitasa? Wivu wako umemtetea kuliko wakili, halafu bado unataka unga wake umwagike! Ama kweli.

Dume lenye mkia uliojikunja halitoi damu ya jike. Aliyeshika sindano ni mmoja, tena wewe alikuzuia usione. Nadhani alimtoboa jike mara mbili, kwa sababu dume lake anajua lilikotoka, kwamba si aina safi, ila hakujua kwamba vioo vyenu vinaonyesha mpaka jinsia. Ulipomuuliza akakutafutia adui. Mimi hilo ndilo lingeninyima usingizi, bata baadaye.

Usisaini. Usimshtaki mtu. Kamwambie bosi wako kwamba mfugaji huyo ni mchumba wako, jambo ulilopaswa kulisema mapema, na kazi hiyo uiache. Mwenzako ndiye aende akamtoe dume damu upya, mwenye bata akiwepo. Ndiyo, huyohuyo dada. Mpe na ufunguo.

Mchumba akifungua banda bila maneno, nitakuwa nimemkosea na nitamwomba radhi hapahapa gazetini. Akisema tena bata wanaogopa wageni, vua pete umrudishie palepale mlangoni.