Bendera Nyekundu Bado Juu

Jumatatu, 3 Machi

Imeniangukia mimi. Mkuu wa shule ametangaza mbele ya walimu wote: mashindano ya mashua za tanga ya shule za sekondari mwaka huu yanafanyika kwetu, na msimamizi ni mimi. Hakuuliza. Kosa langu ni kuwa mwalimu pekee hapa anayejua tanga linafungwa wapi. Wenzangu walipiga makofi haraka haraka, makofi ya watu walioponea chupuchupu.

Msaidizi wangu ni Kipenga, mwalimu wa michezo. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, maana filimbi haimtoki shingoni. Mpira anaujua. Kuhusu ziwa, anajua kwamba lina maji.

Nyumbani binti yangu kapiga ukelele mpaka Bibi, mama yangu, akadhani kaona nyoka. Hatukumwita Chiriku bure. Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea. Mwaka jana alikuwa anaongoza raundi ya mwisho, mashua ikapinduka karibu kabisa na mstari wa kumalizia. Hata siku ile hakunyamaza — alilia na kuongea kwa pamoja, njia nzima. Mshindi wa mwaka huu anaenda mashindano ya taifa. Mwaka mzima hajazungumzia jambo jingine.

Nikamwonya mapema: ukiwa ziwani mimi si mama yako, ni mwalimu.

"Sawa, Mwalimu. Naomba chumvi."

Mtoto huyu!

Jumatano, 5 Machi

Kikao na walimu wa shule nyingine. Viti havikutosha, Kipenga kakalia meza. Aliyenipendeza ni mwalimu wa kemia wa shule ya mlimani, mtu mzima mpole, anatembea na chupa yake ya chai na kumkaribisha kila mtu. Wanafunzi wake ni wazuri. Wazuri sana, kusema kweli.

Tukabishana kuhusu waamuzi. Kipenga alitaka kila boya liwe na mwamuzi wake — na filimbi, na kadi! Nikamweleza polepole. Mchezo huu hauna refa wa kukufukuza nyuma. Ukigusa boya unajua mwenyewe. Unajitoa pembeni, unaizungusha mashua duara zima, hiyo ndiyo adhabu yako, unaendelea. Usipozunguka, ukifika nchi kavu unakuja kusema, na raundi hiyo unaikosa. Basi.

"Na asiposema?"

"Kama hawezi kusema, hatujamfundisha kitu."

"Mwalimu, mimi watoto nawajua."

Nadhani nilipandisha sauti. Mkuu alichungulia mlangoni. Nikasema tunafundisha watoto kujihukumu wenyewe, tukiwawekea polisi kila kona tutakuwa tumewafundisha kuogopa polisi. Mwalimu wa kemia akaitikia kwa kichwa, akammiminia Kipenga chai. Hoja yangu ikapita. Nilitoka pale nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Tumekubaliana pia: raundi ya mwisho ikiisha, napandisha bendera nyekundu juu ya banda la mashua. Inakaa nusu saa. Ikiwa juu, yeyote aliyekuwa majini mwenye lalamiko au la kusema juu yake mwenyewe anakuja kwangu — mwanafunzi, mwalimu, hata mimi nikiwa nimeona kitu. Ikishuka, matokeo yamekauka, hayaguswi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Banda la mashua. Buibui, popo, na harufu ya soksi za mwaka jana. Panya wamekula tanga moja, fundi cherehani ametia kiraka cha turubai la buluu. Sasa lina jicho.

Maboya yetu ni mapipa ya plastiki. Tumeyapaka rangi ya chungwa. Chiriku na mwenzake wa mashua, Mapengo, wamejipaka zaidi ya mapipa. Mapengo anashika tanga dogo la mbele na haongei kabisa. Ndiyo maana wanaelewana, mmoja anaongea kwa niaba ya wawili.

Chiriku kanieleza mbinu zake zote za kupinda boya la tatu. Anataka kupita karibu kabisa. Anasema pale ndipo mtu anaposhinda mbio au kushindwa. Nikamwambia karibu sana ni hatari. Kasema, "Mwalimu, wewe tulia."

Mgongo unaniuma.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu anataka hotuba kabla ya mbio. Yake, ya mgeni rasmi, na neno la shukrani. Nimemwambia upepo wetu unaamka asubuhi na mchana unalala, haujui mgeni rasmi ni nani. Kanuna. Hotuba zimehamia mwisho.

Bibi naye anataka kiti cha mbele. Na mwavuli. Na mtu wa kumsimulia kinachoendelea. Nikamwambia Mama, kule ni mbali, utaona matanga tu. Kajibu kwamba mjukuu wake atamjua hata akiwa nukta.

Ijumaa, 14 Machi

Tumetega maboya yote leo. Dereva wa basi la shule ndiye ametuendeshea boti ya injini, na toka asubuhi anataka aitwe Nahodha. Tumemwita.

Kasoro moja. Kamba za nanga tulizikata mwaka jana ziwa likiwa limejaa. Mwaka huu maji yamepungua, kwa hiyo kamba ni ndefu mno. Za boya la kwanza na la pili tumezifupisha. Boya la tatu linatangatanga kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu, leo liko hapa, upepo ukigeuka liko kule. Jua lilikuwa limetuchoma, Nahodha ana njaa. Kamba yake nitaifupisha kesho kabla ya kuanza.

Chiriku kaongea mpaka kalala katikati ya sentensi.

Jumamosi, 15 Machi — asubuhi

Watoto kila mahali. Jaketi za kuelea zimechanganyika, mmoja kavaa ya mdogo wake hapumui. Mikrofoni ya Mkuu inapiga miluzi. Bibi amefika na mwavuli, ameshawaambia walimu wote wa kike kwamba mshindi ni wa kwake.

Kipenga yuko nami kwenye boti ya kuanzishia, amekabidhiwa honi. Furaha aliyonayo!

Jumamosi, mchana, baada ya raundi mbili

Naandika haraka huku nakula ndizi.

Raundi ya kwanza: mashua ya shule ya mlimani ilichelewa mstarini. Kamba yao ya usukani ilijisokota. Mwalimu wa kemia alinipungia toka gatini, akipaza sauti, nusu dakika tu, Mwalimu, watoto wanakuja! Nikasema honi yangu haina shemeji. Kipenga akapiga. Waliondoka wa mwisho, wakamaliza wa nne. Mzee wa watu hakulalamika. Alisema muda ni muda.

Chiriku wa kwanza! Alipopita karibu na boti yetu akapiga kelele, "Mwalimu, umeniona? Umeniona nilivyowapita?" Nikajifanya naandika.

Raundi ya pili shule ya mlimani wa kwanza, Chiriku wa pili. Alipopita: "Umeniona?" Nimemwona.

Kwa hiyo yote iko raundi ya tatu. Chiriku akishinda, au hata akiwa wa pili, kombe lake. Akiikosa, la mlimani. Ndizi nimeiacha nusu.

Kasheshe — boya la tatu! Kamba yake sijaifupisha. Nimekumbuka sasa hivi, na honi ya maandalizi imeshapigwa.

Jumamosi, alasiri

Nimekaa ngazi ya juu ya banda la mashua. Bendera nyekundu iko juu ya kichwa changu. Nimeipandisha mwenyewe. Kamba yake nimeizungusha kiganjani na daftari liko gotini. Naandika ili nisiende mahali.

Niandike kama ilivyokuwa.

Chiriku aliongoza toka mwanzo. Mlimani nyuma yake, karibu. Wakafika boya la tatu. Wakati huohuo mashua yenye tanga la kiraka ikapinduka upande wa pili, Nahodha akakimbilia huko na boti yake ya injini, Kipenga akageuka kutazama, gati nzima ikageuka. Mimi darubini yangu ilikuwa kwa mtoto wangu. Ilikuwa kwake siku nzima, niseme ukweli.

Alipita karibu sana. Upepo ukageuka kidogo, boya likaja. Ubavu wa nyuma wa mashua ukaligusa. Haukuligonga, uliligusa tu, likainama na kusimama tena. Mapengo alikuwa mbele, mgongo umeelekea huko, anahangaika na tanga dogo. Wa mlimani walikuwa wamefichwa na tanga lao wenyewe.

Chiriku aligeuza kichwa. Alilitazama boya.

Nikamngoja azunguke. Nilisema kwa sauti, zunguka. Kipenga akauliza, nani azunguke? Nikasema hakuna.

Hakuzunguka. Angezunguka mlimani wangempita, lakini wa pili angekuwa, na kombe angelibeba. Sijui kama alikuwa na nafasi ya kupiga hesabu hiyo. Nadhani aliona mstari tu, ule wa mwaka jana.

Akamaliza wa kwanza. Gati ikalipuka kwa shangwe. Bibi kautupa mwavuli.

Alipopita karibu na boti yetu nilingoja. Hakuuliza kama nimemwona.

Nina hasira naye. Nina hasira na mimi pia, kwa ile kamba. Atasema boya lilimfuata, na litakuwa kweli, lakini kugusa ni kugusa, mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikisema hivyo. Naweza kusema mwenyewe sasa hivi. Nilikuwa majini, nimeona, kanuni inaniruhusu, niliitunga. Neno moja kwa Kipenga na mambo yamekwisha. Nikilisema, nimemnyang'anya kombe na nimemnyang'anya na nafasi ya kuja mwenyewe. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Na nisiposema, na yeye asiposema? Hapo sitaki hata kufika.

Mwalimu wa kemia amekuja kunipa mkono. Hongera, Mwalimu, umemlea vizuri. Kisha akatazama bendera, akauliza tu kwa kuuliza: wewe ndiye ulikuwa na darubini, kote kulikuwa salama? Nikamjibu bendera bado iko juu. Akasema haya, akanimiminia chai. Ipo hapa pembeni, inapoa. Siwezi kuinywa chai ya mtu huyu.

Bibi amepita chini akiniuliza mbona nimekunja uso kama nimefiwa, mtoto kashinda! Nikamwambia jua, Mama. Kasema jua gani, na wingu lote hili.

Chiriku yuko kule ufukweni kwenye mashua yao. Mapengo anaongea! Anaruka, anaongea, anawasimulia wenzake, mikono hewani. Chiriku anakunja tanga. Analikunja, analikunjua, analikunja tena. Hajafungua mdomo toka ashuke. Sijawahi kumwona hivyo toka azaliwe.

Mkuu amejaribu mikrofoni. Mgeni rasmi amesimama, kombe liko mezani limefunikwa kitambaa. Kipenga ananionyesha saa yake kutoka uwanjani. Nimemwinulia mkono, ngoja.

Chiriku ameacha tanga. Amemwambia Mapengo kitu, kifupi. Mapengo ameketi chini palepale kwenye mchanga.

Anakuja huku. Labda anakuja huku. Njia ya kwenda kwenye meza ya kombe na ya kuja kwenye banda ni moja mpaka pale kwenye bomba la maji. Jaketi hajavua. Bibi amemdaka njiani, anamkumbatia, anamfuta uso kwa kanga. Mwachie, Mama. Mwachie!

Amemwachia.

Amefika kwenye bomba. Amesimama. Ananitazama. Sijui uso wangu unamwambia nini, nimeuinamisha kwenye daftari.

Kipenga amepiga filimbi. Anaita, Mwalimu, muda umekwisha, shusha bendera! Watu wote wameangalia juu.

Nimemjibu kwamba kwa saa yangu bado.

Kwa saa yangu muda umekwisha zamani.