Maji Kwenye Tangi la Pikapu

Alhamisi. Jua limetuchoma tangu saa mbili asubuhi, na upepo wa huku uwandani unapenyeza vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria lililofunikwa. Sijatia kitu mdomoni tangu jana.

Leo pikapu ya marehemu mume wangu imewaka. Miaka sita ilikuwa imelala bandani, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu hapa Mkunya. Ilipounguruma majirani walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea ukuta wa jiko, nikitamani isiwake kamwe.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayelijua jina langu. Nimeandika kwenye blogu hii habari za mihogo, za shule, za kiangazi. Hili sijawahi kuliandika. Hata kwenye sala nilikuwa nalizunguka.

Pampu ya maji ya kijiji imesimama tangu mwezi wa saba. Tunashuka bondeni kuchota, na kupandisha ndoo kichwani kunakula asubuhi nzima. Mwezi uliopita mama mkwe aliteleza kwenye ile njia akaumia nyonga. Sasa amelala tu, na mimi ndiye ninayemgeuza ubavu. Siku aliyoletwa nyumbani amebebwa kwenye machela ya miti, baba mkwe aliingia chumbani kwake, akatoka na ufunguo wa pikapu. Tangu mazishi ya mwanawe alikuwa hajamruhusu mtu kugusa hata kioo chake.

"Aitwe fundi," alisema. "Hili gari litabeba maji."

Nilipolisikia hilo neno, maji, niliingia jikoni nikajifanya napuliza moto.

Fundi Lukasi alifika Jumatatu kutoka Masasi. Ni mtu mzima, mpole, anayeinama kwenye injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Alitoa viota vya panya kwenye boneti, akafunga betri nyingine, akajaza upepo matairi. Kisha akaingia uvunguni, akalegeza nati ya tangi na kukinga beseni.

Haikutoka dizeli. Yalitoka maji, yamegeuka rangi ya chai ya rangi kwa kutu.

"Mzee, hebu njoo uone," aliita. "Unyevu wa kukaa muda mrefu ninaujua. Huu si unyevu. Haya yaliingia kwa wingi, kwa mkupuo mmoja."

Baba mkwe alilitazama beseni. Kisha akamtazama Hamisi.

Hamisi ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Wiki ile aliyokufa kaka yake, ndiye aliyetumwa kununua mafuta ya gari, akayanunua kwenye dumu kwa muuzaji wa barabarani. Gari lilipozima, baba yake alisema papo hapo kwamba limelishwa mafuta machafu. Tangu siku ile wazee hawa wawili, maana Hamisi naye sasa ana mvi, hawajala sahani moja. Miaka sita nimewapakulia chakula kila mmoja chake: cha baba barazani, cha Hamisi jikoni. Miaka sita nimezibeba sahani hizo mbili kwa mikono yangu.

Na nilikuwa najua.

Maji yale niliyatia mimi.

Baba Salma, mume wangu, alikuwa na safari zake za Masasi kila Alhamisi. Alikuwa akipigiwa simu anatoka nje kuongea. Nilipomuuliza alisema ni biashara. Siku moja nilisoma ujumbe kwenye simu yake, maneno mawili tu: "Umefika wapi?" Sikuuliza tena. Alhamisi iliyofuata, alipokwenda msikitini alfajiri, nilichukua ndoo ya maji ya kupikia, ndoo niliyoipandisha mwenyewe kutoka bondeni, nikafungua mfuniko wa tangi na kumimina karibu nusu yake. Sikutaka afe. Nilitaka tu Alhamisi moja abaki nyumbani, anywe uji na mwanawe.

Gari liliwaka, likafika mwisho wa kijiji, likazima. Walilisukuma kulirudisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji, nafurahi. Yeye akatazama saa, akasimamisha bodaboda.

Kwenye mteremko walikutana na lori.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Wanawake walikuja wakanisifu kwa subira. Mpaka leo sijui kama huko Masasi kulikuwa na mwanamke, au mtu wa korosho, au nini. Hakuja mtu msibani ambaye sikumjua. Nimeyatafuta hayo majibu mpaka nimechoka, kisha nikaona kwamba hata nikiyapata hayatabadilisha kilichomo kwenye ile ndoo.

Jumanne Fundi Lukasi alifungua pampu ya dizeli na nozeli zote zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, akazifunga kwenye kitambaa, akaenda nazo Masasi kuzisafisha na kuzipima. Hamisi alikula kiapo mbele ya mama yake kwamba mafuta yale yalikuwa safi. Baba mkwe alimjibu kwamba beseni limekwisha kusema. Nilikuwa hapo hapo, namgeuza mama mkwe, nimeshika bega lake. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Mama, unaumia?"

Huyo ndiye mimi. Mniangalie vizuri.

Leo saa nne fundi alirudi. Alimkabidhi baba mkwe kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, akamweleza kwamba hicho kimebidi kibadilishwe, vingine vimepona. Mzee alikigeuzageuza kiganjani. Hamisi alikuwa amepiga magoti, anasuuza tangi kwa dizeli.

"Acha," baba mkwe alimwambia. "Usiliguse gari la kaka yako."

"Baba, nimekwisha kuapa."

"Uliapa nini? Ungenunua mafuta ya maana, mwenzio asingepanda bodaboda. Wewe ndiye uliyemuua. Ondoka kwenye kiwanja changu."

Hamisi alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu ambaye hajui aende wapi. Ana miaka hamsini kasoro. Alifukuzwa kama mtoto.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Baba, ni mimi. Maji niliyatia mimi."

Baba mkwe alidhani nimechanganyikiwa kwa njaa. Aliniambia, "Mama Salma, nenda ukapumzike." Ikabidi niseme tena, yote, tangu ujumbe wa simu mpaka ndoo. Nilisema nimeangalia ardhi. Fundi Lukasi alivua kofia. Ndani mama mkwe alikuwa anasikia, ukuta wetu ni wa udongo na dirisha halina kioo.

Nilipomaliza hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo miaka yote, na hayakuja.

Hamisi alisema tu, "Shemeji. Miaka sita."

Kisha akapiga magoti tena, akaendelea kusuuza tangi. Baba mkwe alichukua fimbo yake akaenda msikitini, na hata adhuhuri ilikuwa bado sana.

Kutoka ndani mama mkwe aliita, "Mama Salma, njoo unigeuze."

Niliingia. Nikaweka mkono chini ya kiuno chake kama kila siku. Ni mwepesi, amekwisha kabisa. Nilimgeuza akaelekea ukutani, nikamfunika. Nilisubiri aseme. Alikuwa analia bila sauti, naona tu mgongo. Nilipotaka kuondoa mkono, alinishika kidole gumba akakibana kwa nguvu mpaka kikauma, sijui ni kwa hasira au kwa nini, na hakukiachia mpaka alipopitiwa na usingizi.

Alasiri fundi alikuwa amefunga kila kitu. Alipampu kwa mkono kutoa hewa kwenye bomba za mafuta, mapovu yakatoka, yakatoka, hadi dizeli ikaja safi. Akamwambia Hamisi apige stata. Mara ya kwanza ilikoroma tu. Ya pili ukatoka moshi mweupe. Ya tatu injini ilishika, ikatikisa banda lote, kuku wakakimbia. Hapo ndipo majirani walipopiga makofi. Wao hawakujua.

Baba mkwe alikuwa amekwisha kurudi. Hakupiga makofi. Alimwendea Hamisi kwenye usukani na kusimama karibu na mlango. Sikusikia alichosema kwa ajili ya ule mngurumo. Niliona tu Hamisi akiinamisha kichwa juu ya usukani, na mkono wa mzee ukiingia dirishani, ukikaa pale kwenye kisogo cha mwanawe muda mrefu.

Kisha mzee akanijia mimi. Nilipiga goti.

"Nimempigia baba yako Tandahimba," alisema. "Atakuja Jumamosi. Tutakaa."

Hakusema tutakaa kwa lipi. Kunirudisha kwetu, au kunisikiliza, au yote mawili. Sikuthubutu kuuliza. Nguo zangu hazijazi hata begi moja. Ninachokiogopa si kuondoka. Ninaogopa nani atamgeuza mama mkwe Jumapili, na kama watanipa mtoto wangu au watabaki naye.

Salma ana miaka kumi na mmoja. Alitoka shuleni akakuta gari linanguruma, akatupa daftari akapanda mbele bila kuuliza mtu. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipokufa. Wakapakia matangi matupu ya maji, wakashuka bondeni: Hamisi, fundi na yeye.

Wamerudi jua linazama. Watu wamejaa uani na ndoo zao, wanacheka, tangu kiangazi kianze sijasikia watu wakicheka hivi kwetu. Salma aliruka chini, gauni la shule limelowa hadi kifuani, akanikimbilia.

"Mama! Limepanda mlima wote na maji! Halijazima hata mara moja!"

Nikamwambia, "Vizuri, mwanangu." Hayo tu.

Sasa anaoga nyuma ya nyumba, namsikia anajimwagia maji bila kuhesabu vikombe. Mzee hatamwambia, Hamisi hatamwambia. Lakini Jumamosi wazee wakikaa, maneno yatatoka nje, na shuleni ataambiwa na mtoto wa mtu.

Nitamwambia mimi. Kesho ni Ijumaa, anawahi kurudi. Nitamsuka nywele, maana akisukwa hutulia, na nitaanza na ndoo. Sitaanza na ujumbe wa simu, sitamtafutia baba yake kosa ili langu lipungue.

Akiinuka katikati ya kusukwa akaondoka, nitamwacha aende. Nitakaa pale pale na kitana mkononi.