Herufi E kwenye Kibao cha Maporomoko

Mwenzangu wa dawati, salamu nitakupa baadaye.

Leo nusura mwanangu afe, na aliyemwambia avuke ni mimi. Mimi, mama yake!

Tulipanda hadi maporomoko ya maji yaliyo juu ya mji huu. Penye mawe ya kuvukia palikuwa na kibao, kimechafuka tope upande mmoja. Binti yangu akacheka: "Haya, mama msomi, tusomee!" Kichwa kikanivimba, nikasoma kwa sauti: "Vuka hapa."

Akavuka. Alikuwa kwenye jiwe la tatu nilipokitazama tena kile kibao. Hakikuandikwa VUKA. Kiliandikwa VUKE.

VUKE, mwenzangu! Unakumbuka mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alivyotuchosha? "Kitenzi kikiishia na E, tazameni mwanzo wake, kuna kitu." Nikapiga yowe: "Rudi! Rudi, mwanangu!"

"Mama nawe! Kwa herufi moja tu?" Lakini alirudi, ananung'unika.

Nikafuta tope kwa kiganja. M. S. I. MSIVUKE HAPA.

Hata sijajipangusa mkono, maji ya kahawia yakashuka kwa kishindo, na lile jiwe la tatu halikuonekana tena.

Tuliporudi, nilimlalamikia mwenye nyumba ya wageni tulikofikia kwamba kibao chao ni kichafu. Akaacha kufagia.

"Mama, kibao kile nimekiosha mwenyewe leo asubuhi, kabla hamjaamka."

Mwenzangu, tope lile lilikuwa bichi. Tena, kabla sijaligusa, lilikuwa na alama za vidole.