Meli ya Baba Sheryl

Alhamisi, 5 Agosti 1999

Leo nimewasomea akina mama wa kanisa barua ya mume wangu Nalianya. Ya saba tangu aende kufanya kazi melini – mwaka mmoja na miezi miwili! Nashipae, mwenyekiti wetu, alifumba macho kama anasikiliza Injili. Barua inasema anakuja likizo Jumamosi ya wiki ijayo. Vigelegele! Nashipae akatoa mbuzi hapo hapo, wengine wakaahidi chapati. Kisha wakaniomba nirudie ile ya Machi: ngazi za kioo zenye samaki wanaoogelea chini yake, na mpishi mwenye kasuku begani, anamlisha mkate. Sheryl wangu anaijua kwa moyo, na ana miaka sita tu. Nimelia mbele ya watu. Aibu, lakini ya furaha.

Jumamosi, 7 Agosti

Jirani yangu Keziah, Mama Wanjira, alikodi kanda ya video mjini Noonkopir. Filamu ya meli. Akaniita: njoo na mtoto muone kazi ya Baba Sheryl. Mimi video sitazami, lakini kwa ajili ya meli nikaenda. Yeye ni wa kanisa lingine, barua zetu hajawahi kuzisikia.

Ni sehemu ya pili ya filamu ya mapigano. Keziah anasema ya kwanza ilikuwa tamu mpaka akaunguza sufuria ya githeri. Hii – bure kabisa. Majambazi wameteka meli, na meli yenyewe inaenda polepole kama trekta. Watu wanapiga mayowe na hata chai haijamwagika. Tulicheka. Keziah akachoka, akaenda jikoni kukata mboga za sukuma.

Kisha nikaona ngazi. Za kioo. Samaki chini yake. Nikajiambia meli hufanana. Halafu akatokea mpishi, kasuku begani, akamvunjia mkate.

Sheryl akaruka. "Mama, huyo ni kasuku wa baba!"

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni, akimtafuta babake kati ya wahudumu. Kila mwenye shati jeupe – ni huyu? Ni huyu? Mwisho meli iligonga mwamba, ikazama na mpishi wake. Mtoto alilia mpaka akatapika. Nilimbeba hadi nyumbani akiuliza kama baba amekufa. Ningemwambia nini?

"Baba hakuwa kwa hiyo meli," nikasema.

"Alikuwa wapi?"

Nikampa uji.

Jumapili, 8 Agosti

Nimezitoa barua zote sandukuni. Siyo ngazi na kasuku peke yake. "Baharini hakuna Jumatatu" – mchungaji aliyatumia maneno hayo katika mahubiri! Ni ya kapteni wa filamu, anawaambia abiria wake. Nalianya ameyageuza Kiswahili tu.

Na hakuna bahasha hata moja yenye stempu. Zote zililetwa kwa mkono na Wangila, rafiki yake anayekaa Kware, kule Rongai. Nilikuwa nampikia kuku kila akija! Sikuwahi kuuliza. Nalianya ananijua: nimeokoka tangu kidato cha pili, stima ya kuwashia hata taa hatuna, video sitazami. Alijua hii filamu sitaiona mpaka kufa.

Kanisani wamewaombea tena walio baharini. Nilisema amina.

Jumanne, 10 Agosti

Nimetoka Kware. Nilitaka kumuuliza Wangila ana kwa ana. Mama wa dukani alinionyesha ploti ya vyumba vya kupanga, lakini sikufika mlangoni kwake. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na shati la buluu. Kifungo cha tatu nilikishona mimi, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi uliisha. Kando yake nepi nane.

Mwanamke akatoka na beseni, mdogo kuliko mimi, uso mzuri. Akaita, "Baba Melvin, maji yamechemka."

Akajibiwa kutoka ndani. Ile sauti ningeijua hata kaburini.

Sikugonga. Miguu ilinirudisha yenyewe. Moyo wangu umevunjika, naandika hivyo kwa sababu sijui pengine pa kusema. Angezama kweli ningemlilia na watu wangenishika mkono. Mungu nisamehe. Mbona hukuniambia tu, Nalianya? Kutoka Rongai hadi hapa ni mbali kiasi gani?

Alhamisi, 12 Agosti

Nilienda kwa akina mama nikiwa nimekata shauri kusema. Nikakuta wametunga wimbo. Ngazi za kioo zimo. Kasuku yumo. Nashipae amemshonea Nalianya mkufu wa shanga, mweupe na buluu, kwa ajili ya bahari ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Nimeimba nao beti zote nne.

Jumamosi, 14 Agosti

Uani kumejaa. Mbuzi yuko motoni. Nimejifungia chumbani, nimewaambia navaa. Nitasema akifika. Au nitanyamaza mpaka waende. Sijui!

Amekuja. Vigelegele. Namwona kupitia pazia: kofia nyeupe, sanduku jipya, amenenepa. Wanaimba. Nashipae anamvika mkufu. Anatabasamu, huyu mtu! Na mimi mwili mzima ukataka kutoka kumpokea, hata sasa.

Sheryl amepenya katikati yao. Amemshika suruali.

"Baba, haukuzama!" Wote wanacheka. "Tuliona meli yako kwa Mama Wanjira, na kasuku. Mama alisema haukuwa kwa hiyo meli. Sasa ulikuwa wapi?"

Wimbo umekatika. Nashipae bado ameshika mkufu shingoni mwa Baba Sheryl, hauachilii.

Nalianya anaangalia huku dirishani.