Kinu cha Mama Nkwimba

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Pikipiki imegoma kuwaka. Nimeisukuma kwa fundi hapa Igoma huku jirani akinicheka kwamba Mhaya mzima anasukuma pikipiki kwenye matope. Acha acheke. Nimefika Magu nimechelewa vibaya, wagonjwa bado wako kwenye benchi wananisubiri. Hakuna aliyenuna. Watu wa huku wananidekeza.

Kazi ni ile ile. Daktari anauliza kwa Kiswahili, mimi nauliza kwa Kisukuma, jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Daktari katokea Moshi, huu ni mwaka wake wa kwanza huku, na akisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" watoto wanakimbia kwa kucheka. Kliniki ikiisha yeye anarudi mjini. Mimi nabaki kuzunguka majumbani, kuona nani anakunywa dawa na nani anazificha chini ya godoro. Kitambulisho kinasema mratibu wa huduma za afya ya akili. Mama yangu kule Muleba anawaambia watu mimi ni nesi. Nimechoka kumsahihisha.

Habari mbaya moja. Nkwimba amelazwa Mwanza kwa presha ya mimba, hatatoka mpaka ajifungue. Na Nkwimba ndiye anayempa mumewe vidonge kila jioni. Mume ni Mabula. Mabula akijisikia nafuu anaacha dawa. Akiacha, halali, anasikia watu wakimsema, anaondoka bila kuaga. Sindano ya mwezi tulijaribu ikamkakamaza shingo. Simu aliitupa kwenye jaruba la mpunga mwaka alipougua, hataki nyingine. Ndugu zake wa Geita walimfunga kamba, kisha wakamkataa, ndipo Nkwimba akamleta nyumbani kwao. Sasa pale wamebaki wawili tu, Mabula na mama mkwe wake.

Jumanne, 4 Machi
Tumekwenda na daktari. Mama Nkwimba katupokea kwa karanga za kuchemsha na maneno mazuri. Nimemweleza kwa Kisukuma kidonge kinavyoonekana, kinamezwa saa ngapi, dalili zipi za kuogopa. Atakuwa anampa mkwewe kila jioni? Kaitikia ee. Kaitikia na kichwa. Daktari kafurahi, mimi nimefurahi, tumeondoka tukitafuna karanga.

Jioni kanipigia Sitta, kaka yake Nkwimba, mwenye karakana ya kuchomelea mageti hapa hapa Igoma. "Dada Jovitha, shemeji yangu simchukii. Ila mama yuko peke yake pale. Akianza tena, nakuja na gari namrudisha kwao." Kwao maana yake kwa wale ndugu waliomfunga kamba. Hatamwona mtoto wake, si mwaka huu. Simlaumu Sitta. Ningekuwa yeye ningesema vile vile.

Mungu, naomba kitu kimoja tu. Mtoto akifika nyumbani amkute baba yake mzima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita wodini kumwona Nkwimba. Miguu imevimba lakini sura ina nuru. Swali lake la kwanza, nani anampa Mabula dawa. Nimesema mama yako, nikatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kajiinua kitandani. Kisha kasema, "Dada, mama yangu hajawahi kumtazama Mabula usoni."

Nimekulia Magu, baba alifundisha pale. Najua mama mkwe na mkwe mwanamume hawakutani uso kwa uso, hawaitani majina, hawapeani kitu mkononi. Nimeona kina mama wakikata kona shambani kumpisha mkwe. Yote hayo nayajua, na bado nilimkabidhi vidonge. Nilidhani ugonjwa unaondoa hayo. Na yeye angekataaje, mbele ya daktari aliyetoka mjini?

Mjinga ni mimi. Kesho asubuhi naenda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechelewa.

Mama Nkwimba amejaribu. Hawezi kumpa mkononi, hawezi kumwambia. Chakula humwachia Mabula kwenye kigoda mlangoni, anakohoa, anaondoka. Basi kidonge akakiweka juu ya ugali. Mabula akafunua sahani, akakuta kitu cheupe juu ya ugali wake, hakuna wa kumweleza. Mtu ambaye hata akiwa mzima anahofia chakula chake! Tangu siku hiyo hali chochote cha nyumbani. Anakula embe za sokoni na karanga mbichi. Halali. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu pale anamtilia vitu.

Nimempa kidonge kwa mkono wangu, kakitazama, kakirudisha. Kwa heshima, lakini kakirudisha.

Mama Nkwimba alikuwa nyuma ya jiko, analia ndani ya kitenge. Nimemwomba radhi. Kaniambia nisijisumbue, yeye ndiye hajui. Nimejisikia vibaya zaidi.

Sitta kashapata habari kwa majirani. Anakuja Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 10 Machi
Leo Mabula kameza, mbele ya daktari. Kimoja. Siwezi kuwa Magu kila jioni, kuna wengine wananitegemea. Nimepita kwa majirani kuomba msaada, mlango kwa mlango. Hapana. Hapana. Samahani dada, hapana. Wanamwogopa. Mtu aliyewapalilia pamba mwaka jana.

Nimechoka na nina hasira, na sijui hasira hiyo nimwelekezee nani.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya ajabu. Niandike kabla sijapitiwa na usingizi.

Mchana simu ya mtu nisiyemjua. Mwanamke anauza machungwa standi ya Magu. Kuna mama hapa, kasema, kajifunika kitenge mpaka machoni, kanipa karatasi yenye namba yako, anataka uje. Nilijua. Nimepanda pikipiki hata kofia sikufunga vizuri.

Mabula alikuwa kwenye benchi la standi na mfuko wa nguo za Nkwimba mapajani. Anakwenda Mwanza kumchukua mke wake, kwa sababu pale nyumbani hapafai. Midomo imekauka, macho mekundu. Nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma alikuwa Mama Nkwimba, amesimama, ndala moja mguuni na nyingine imekatika, kaishika mkononi. Alimwona akitoka na mfuko. Kumwita hawezi. Kumshika hawezi. Basi akamfuata, njia nzima kutoka kijijini, mbali kidogo nyuma yake, ili ajue tu anapoelekea.

Nilikaa kwenye benchi bila kujua nianze wapi. Akaanza yeye.

"Mama mkwe yuko nyuma ya kibanda kile. Usimsumbue, amechoka."

Nikamuuliza amejuaje.

"Ndala. Nimezisikia tangu nyumbani. Nilikuwa nasimama njiani ili apumzike." Akauweka sawa mfuko mapajani. "Mtu wa kuniwekea sumu hawezi kunifuata jua lote hili."

Hapo nikamwambia ukweli wote. Kwamba aliyeweka kidonge juu ya ugali ni mama, na aliyemtuma ni mimi. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Wewe Mhaya umekulia hapa kweli?"

Akacheka. Mabula kacheka! Nami nikacheka huku machozi yananitoka, muuza machungwa akatushangaa wote. Akameza kidonge chake kwa soda. Nikamrudisha kwanza yeye, kisha nikamfuata mama. Nyuma ya pikipiki alinikumbatia kiunoni kwa nguvu, kwa sababu hajawahi kupanda.

Nashukuru kwa ndala iliyotoa sauti. Nashukuru kwa muuza machungwa, ambaye sikumuuliza hata jina.

Alhamisi, 13 Machi
Leo sikupendekeza kitu. Nimeuliza, nikanyamaza.

Mabula kakaa mlangoni kwake, mama nyuma ya jiko lake, mimi nakatiza uwanja huku na huku kupeleka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wote wanasikiana. Wote wanajifanya hawasikiani.

Mama ndiye kapata njia. Jioni, kabla ya kupakua, atatwanga kinu kitupu. Kinu hakimwiti mtu jina, kasema. Mabula akisikia, atameza kidonge, ataosha kikombe na kukigeuza juu ya kichanja cha vyombo. Kichanja kinaonekana kutoka jikoni. Kidonge kikae kwake Mabula, kisiguse tena sahani.

Mabula kajibu mambo mawili. Amekubali. Na ule ugali wa siku ile aliumwaga, anaomba asamehewe.

Nimempigia daktari. Kauliza kama tuna uhakika. Nimesema hatuna. Kasema tujaribu, nimpe taarifa kila siku. Ndiyo maana nampenda.

Jumamosi, 15 Machi
Sitta kaja na pikapu ya kuazima. Kakuta niko pale, kakunja uso. Mabula alikuwa ametoka kulala mchana, usingizi wa kweli, lakini bado mikono inatetemeka. Sitta kaona mikono tu. Kaanza kuuliza nguo za shemeji ziko wapi.

Nimemwomba asubiri jioni. Kwa nini, kauliza. Nimesema subiri tu. Nilikuwa naogopa mno. Vipi kama leo asimeze? Ningekuwa nimemshikilia Sitta ili ashuhudie hilo.

Jua likashuka. Mama Nkwimba akashika mchi, akatwanga. Sitta akaniuliza mama anatwanga nini na hakuna mahindi. Nikanyooshea kidole nyumba ya Mabula. Mlango wa ng'ambo ukafunguka, maji yakamiminwa, kimya. Kisha Mabula akatoka, akaosha kikombe taratibu, akakigeuza juu ya kichanja, akarudi ndani. Jikoni mama akaanza kupakua.

Nimemweleza Sitta. Kakaa kwenye bodi ya pikapu mpaka giza likaanza kuingia. Kaondoka na gari tupu. Jumapili ametuma sukari na ndala mpya za mama yake. (Hili naongeza leo Jumatatu.)

Jumapili, 23 Machi
Nkwimba kajifungua. Msichana. Wote wazima. Nimepiga goti palepale kwenye korido ya wodi, mlinzi kadhani nimeanguka.

Jumamosi, 5 Aprili
Wamerudi nyumbani. Nimewasindikiza na Sitta. Mabula alisimama uwanjani, kavaa shati lililopigwa pasi. Kampokea mtoto kwa mikono miwili. Mikono haitetemeki.

Nilimwambia Mama Nkwimba kwamba sasa apumzike, mwenye kazi yake karudi. Kaitikia na kichwa. Safari hii sikukiamini kile kichwa, nikauliza tena. Kacheka. Kasema Nkwimba ana mtoto wa kunyonyesha, kidonge cha mkwe ni kazi yake yeye.

Kanifungia karanga. Nimemshukuru kwa lugha yake: wabeja, mayu.

Jioni mtoto alikuwa amelala. Mama akatwanga polepole sana, asimwamshe, hata mimi niliyekuwa karibu sikuwa na hakika kama nimesikia. Mabula akainuka akachukua kikombe.

Nimefika Igoma kabla ya mvua.