Mapigo ya Baba Naisiae

Jumamosi, 14 Machi 1998

Tumerekodi leo! Wimbo mmoja, kutwa nzima. Chumba cha uani watu wanne, joto la watu wanane. Trei za mayai za Mama zimefunika kuta zote – kuku wake wanataga, sisi tunaziba mwangwi. Mmoja akikosea, wote tunarudia, maana mashine yangu ya kaseti haijui kusamehe. Mara ya tisa aliyekosea ni jogoo.

Mpiga dramu wetu ni Lomayani wa Olasiti, wote tunamwita Baba Naisiae. Alianzia matarumbeta ya kanisani, akaingia bendi ya hoteli. Hoteli ikauzwa, mwenye nayo mpya hakutaka bendi. Sasa anasukuma dramu zake kwa mkokoteni mpaka hapa Kaloleni. Sneya yake, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, hulia nyuma kidogo ya pale unapoitegemea. Nilimuuliza kwa nini anachelewa. Akasema hachelewi, anawasubiri wachezaji washushe mguu.

Jioni nimelala kwenye mkeka, nasikiliza. Ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka kwenye bati letu. Naona kama wimbo ndio ulioushusha.

Jumanne, 8 Juni 1999

Kaka Nasri amerudi kutoka Dar na kompyuta! Ya mtumba, kaiviringisha kwenye blanketi kama kichanga. Ndani ina programu ya muziki. Skrini nzima ni miraba, safu kwa safu. Ukibonyeza mraba, unalia. Kila mraba pigo moja. Nimekaa mbele yake tangu adhuhuri. Mama ananiita kula, sauti yake inanifikia kama niko chini ya maji.

Ila dramu zilizomo zinalia kama makopo. Nasri anasema unaweza kuingiza zako mwenyewe.

Zangu mwenyewe. Ninazijua za nani.

Jumapili, 20 Juni 1999

Baba Naisiae kaja baada ya ibada, na koti lake la kanisani. Nimemwomba agonge kila ngoma peke yake, mara moja tu, halafu anyamaze mpaka mlio uishe.

"Mara moja? Kama mtu anayebisha hodi?"

"Ndiyo, Baba Naisiae."

Akacheka, akavua koti. Ngoma kubwa, sneya, matoazi. Kwa nguvu, kwa upole, kwa ncha ya kijiti. Saa mbili nzima. Kila pigo likaingia kwenye kompyuta, likalala. Mwishoni akajifuta jasho, akauliza wimbo wenyewe uko wapi.

Nikasema unakuja baadaye.

Aliondoka na mkokoteni wake, magurudumu yanalia njia nzima. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Alhamisi, 2 Septemba 1999

Nimemaliza wimbo peke yangu! Kinanda changu, dramu zake, hakuna aliyekosea. Redio wameupiga mara mbili. Nilikuwa nachambua mchele – mikono ikasimama yenyewe. Kama kuota macho wazi.

Baba Naisiae sikumhitaji. Nitamwita wimbo ujao.

Ijumaa, 16 Machi 2001

Siku hizi siandiki. Vijana wamejaa uani, kila mmoja na daftari la mashairi, wanataka biti, mapigo ya kuimbia juu yake. Nao wenye kompyuta wameota kila mtaa kama uyoga. Wa Sakina kaja kuniomba zile dramu, wa Ngarenaro naye kaja. Nikawachomea CD. Nilifurahi kuombwa.

Leo, nimetoka tu kuswali, Baba Naisiae yuko mlangoni. Hana mkokoteni.

"Shikamoo, Baba Naisiae."

"Marahaba." Hakukaa. "Salwa, nilikuwa kwa kinyozi. Redioni zimefuatana nyimbo tatu, waimbaji mbalimbali. Dramu zote ni zangu. Ile sneya ngozi yake niliikaza mimi. Sasa nimekuja kuuliza – hizo nyimbo nilizipiga lini?"

Nikaeleza. Nikawasha kompyuta, nikamwonyesha miraba. Aliiangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia shamba la mwenzake.

"Ungeniambia, ningegonga vilevile," akasema. "Ila ningejua kwamba naaga."

Hakugomba! Bora angegomba. Mama kamletea chai, hakuigusa.

Jumatano, 6 Agosti 2003

Kompyuta mpya, programu mpya. Kinanda changu nacho kimefunikwa kitambaa. Gita, fidla, filimbi, kwaya nzima – vyote vimo ndani. Mtu akiimba nje ya noti, naivuta sauti kwa mausi mpaka mahali pake. Anakuja peke yake, anaimba peke yake, anaondoka. Chumba kilekile kimekuwa kikubwa. Naelea humo. Kuna saa sijui kama ni mchana au alasiri, ni sauti tu, zinapita kama mawingu, nami ndiye ninayezisukuma. Napenda. Siwezi kujidanganya, napenda!

Lakini kicheko sijakisikia humu ndani muda mrefu.

Nasri kasema Baba Naisiae amehamia Kikwe, kijijini kwa wakwe zake. Analima vitunguu.

Jumamosi, 14 Februari 2004

Kiharusi. Upande wa kulia.

Nimekwenda Kikwe na Mama. Mlima uko wazi, hauna hata wingu, na mimi nilitamani ufunikwe. Tumemkuta Baba Naisiae amekaa kibarazani. Dramu zake ziko pembeni, zimefunikwa magunia ya mahindi. Anaongea polepole lakini maneno yote yapo. Hakunilaumu kitu. Aliniuliza jambo moja: kama ninayo mahali popote sauti yake akiwa anapiga. Siyo kugonga moja moja. Kupiga.

Sina. Zile kaseti za mwanzo nilirekodi nyimbo nyingine juu yake, zote. Kaseti zilikuwa ghali. Nilimwambia hivyohivyo.

Akageuka kuangalia mlima. Akasema vitunguu vya mwaka huu ni vizuri, tuchukue. Tumechukua. Njia nzima ya kurudi Mama amenishika mkono.

Jumanne, 13 Julai 2004

Baridi kali. Ukungu mpaka mlangoni.

Saa tatu asubuhi Naisiae, binti yake mkubwa, kabisha hodi. Nyuma yake yuko baba yake, na fimbo. Nimemkalisha kwenye kiti cha Mama, karibu na skrini. Alihema kwanza. Kisha:

"Vipande vyangu bado vimo?"

"Vyote."

"Basi nipange."

Sikuelewa. Akaanza kupiga kwa mdomo, upande mmoja wa midomo unavuta – du, ka, du-du, ka. Nikaelewa! Nikapanga kwenye miraba. Nikampigia.

Akatikisa kichwa. "Huyo ni askari. Mimi siyo askari."

Kuna kitufe cha kuzima miraba, pigo likae popote unapotaka. Miaka yote hii sijawahi kukigusa – kwa nini nikiguse? Nimekizima. Nikaishika sneya ya kwanza kwa mausi, nikaivuta.

"Nyuma. Nyuma kidogo. Umepita. Rudi… hapo! Iache hapo."

Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Kila moja ina mahali pake, hakuna mbili zinazolingana, naye anapajua pote. Kijana aliyepanga kuja saa nne kangoja uani, kasonya, kaondoka. Mama kaleta chai ya tangawizi. Leo Baba Naisiae kainywa, kwa mkono wa kushoto. Mpaka adhuhuri tuna mizunguko minne tu ya mapigo. Nikaipiga yote minne mfululizo.

Ni yeye! Chumba kikajaa. Naisiae kajifunika uso kwa kitenge. Na Baba Naisiae akacheka, kicheko kilekile, kimepinda kidogo.

"Bado," akasema. "Mzunguko wa tano nilikuwa nafungua matoazi."

Saa tisa na robo. Kompyuta imeganda. Katikati ya mzunguko wa sita! Mausi haisogei. Nimeizima, nimeiwasha, inasomasoma namba zake. Sikumbuki kama nilihifadhi. Naandika ili mikono ipate kazi.

Baba Naisiae kauliza tumefika wapi. Nimesema inawaka.

Naisiae anasema wapumzike, warudi siku nyingine. Baba yake skrini haiangalii kabisa. Ameweka kiganja cha kushoto kwenye meza yangu. Amegonga. Tena. Kisigino cha kushoto nacho sakafuni. Mkono mmoja, mguu mmoja – kuna mapengo, lakini hayajazi. Anayasubiri yapite.

Anapiga! Anapiga kweli, macho kafumba. Maiki iko mbele yake hatua moja na bila kompyuta haisikii kitu. Skrini nyeusi. Naisiae ameniangalia, mimi nimeangalia skrini.

Waka. Waka basi –