Koti la Kijivu na Sindano Yake

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu kutoka kwetu wawili tuliobaki. Hujambo huko? Mgongo umepoa, au bado unaamka huku umeshika ukuta? Sisi tunasukuma siku. Binti anakula, analala, anakwenda shule. Mimi nachoka mapema, lakini si ugonjwa, kwa hiyo usianze kunitumia dawa. Sijasahau zile za meno ulizonitumia nilipoumwa sikio.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza suala la mshahara wa marehemu dada yako lifike mahali. Unajua alivyoacha kazi katikati ya mwezi, miguu ilipokataa kukanyaga cherehani. Alimwambia bosi mwenyewe kwamba hawezi tena, akaja na koti moja la kijivu alimalizie kitandani, ashone bitana kwa mkono. Hakulimaliza. Alipofariki lilikuwa kitini, sindano imechomekwa kwenye mkono wa kushoto wa koti, pale alipoishia.

Baada ya msiba nilikwenda karakanani. Bosi alinipa pole vizuri tu, halafu akasema, "Mzee mwenzangu, aliyeacha kazi bila notisi hana anachodai hapa. Na koti langu liko wapi? Lete koti kwanza, ndipo tuzungumze."

Nilirudi nikalitazama lile koti. Sikuweza hata kulikunja. Nikasema moyoni, basi, mshahara na ubaki kwao.

Aliyenisumbua ni mpwa wako. Tulikuwa tunaosha vyombo, akauliza, "Baba, bibi mwezi huu anatumiwa nini?" Unajua dada yako hakuwahi kupokea mshahara asimkatie mama fungu lake kabla hajanunua hata chumvi.

Ndipo nikaenda ofisi ya kazi. Foleni ilifika hadi mlangoni. Mbele yangu alikuwa mpishi, amebeba aproni yake kwenye mfuko kama ushahidi. Akaniuliza, "Na wewe wamekufukuza lini?" Nikamwambia mimi sijafukuzwa, nimefiwa. Akanipisha mbele yake.

Afisa ni mama wa makamo, mafua yamemkaba, leso haitoki mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, kazi aliyoifanya ameshaifanya. Hata angeondoka kwa ugomvi, siku alizofanya kazi zinalipwa, na likizo ambayo hakuichukua inalipwa. Koti ni la bosi, mrudishie. Mshahara ni wa mkeo, akulipe wewe na mtoto. Usikubali kimoja kiwe rehani ya kingine." Akampigia bosi simu papo hapo, akampigia chafya mbili sikioni, akamweleza hayo hayo.

Shemeji, maneno yale yalinipa nguvu za kulibeba koti. Nilikuwa naona kama wananiambia nimuuze mke wangu. Kumbe nilikuwa narudisha kitu cha watu, basi.

Nililipeleka siku nyingine, siku isiyo ya malipo, makusudi. Yule fundi mwenzake dada yako waliyemwita Mrefu ndiye amekaa kwenye cherehani yake sasa. Alilipokea, akaona sindano. "Shemeji, nikuchomolee?" Nikamwambia hapana, nipe nafasi. Niliichomoa mwenyewe. Mrefu akakata uzi, akageuka upande wa dirisha, akasema vumbi la kitambaa leo limezidi.

Ijumaa bosi alilipa, pamoja na likizo. Alihesabu polepole kama mtu anayejing'oa jino. Sikufurahi, lakini sikukasirika pia. Nilitaka tu kukaa chini.

Sindano nimeichomeka kwenye pazia, upande wake wa kitanda. Ina kipande cha uzi kisichotosha hata kifungo. Nikifagia bado napata nyuzi za kijivu chini ya kitanda, zile alizokuwa akizikata kwa meno na kuzitema huku tukigombana kuhusu soksi zangu. Siku hizi nafagia upande wangu tu.

Fungu la mama nimelituma kwako kwa njia ya simu. Tafadhali, mpe mkononi. Mwambie limetoka kwa binti yake, kwa kazi ya mikono yake, wala si msaada wangu. Litakuwa kweli kwa mara hii moja iliyobaki. Kuanzia mwezi ujao nitatuma mimi, na utamwambia ni mimi.

Msalimie mama mkwe, shemeji mkubwa na mkewe, na yule fundi saa jirani yako aliyekuja kuzika na viatu vya kuazima. Binti anasema wewe mama yake mdogo umezidi kukaa kimya. Mungu akulaze salama na akuamshe bila kushika ukuta.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda kama alivyokupenda yeye,
Baba Binti